Fundi kaomba advansi: umpe nusu, ununue vifaa mwenyewe, au umlipe kwa siku?

Mwaka niliohamia Buswelu nilimpa fundi wa aluminiamu shilingi 1,300,000 kati ya 1,900,000 za madirisha sita. Alikuja na tepu yake, akapima, akaandika vipimo kwenye kiganja cha mkono, akasema, "Mama, wiki mbili tu." Madirisha yalifika baada ya miezi minne, na mawili yakakataa kuingia. Muda wote huo tulilala tumeziba matundu kwa turubai linalopigapiga usiku kucha kama tanga la mtumbwi. Jina la karakana yenyewe silitaji. Bado ipo mjini, na wapo wateja wake walioridhika.

Nilipotulia nikajiuliza nilikosea wapi, nikaona tatizo lilianzia kwenye lile neno advansi. Fundi akisema "naomba advansi", humo ndani mna hela tatu tofauti. Ya kwanza ni arbuni, yaani hela ya kumshika asiende kwa mteja mwingine wiki hiyo. Ya pili ni hela ya vifaa. Ya tatu ni sehemu ya ufundi wake anayoitaka kabla hajafanya kazi, ambayo wenyewe huiita hela ya kula au hela ya nauli. Arbuni ni haki yake, na ni ndogo. Hela ya kula inazungumzika. Hela ya vifaa ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopotea. Ukizitoa zote tatu kwa mkupuo mmoja, siku mambo yakiharibika hutajua umedhulumiwa ipi.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kumlipa fundi hapa Mwanza, sianzi na asilimia. Naanza na hili: kesho akizima simu, mkononi mwangu nitabaki na nini?

Nusu kwa nusu, vifaa juu ya fundi

Hii ndiyo njia ya wengi, kwa sababu haina usumbufu. Mnakubaliana bei ya jumla, unatoa nusu au asilimia 60, unarudi kazini kwako. Kwa kazi ndogo sina ugomvi nayo. Kubadilisha kitasa, koki ya jikoni au soketi mbili zilizoungua, vifaa vyake havizidi bei ya nauli na chakula cha siku, na hakuna sababu ya kwenda dukani wewe mwenyewe.

Kazi ikikua, njia hii ina ugonjwa wake, na mara nyingi hauanzi na wizi. Fundi ana kazi tatu kwa wakati mmoja: Nyegezi, Igoma na kwako. Hela ya Nyegezi ilishaliwa, mteja wa Nyegezi anapiga simu kwa ukali, basi hela yako inakwenda kununua vigae vya Nyegezi. Vyako vitanunuliwa na hela ya mteja wa nne, ambaye bado hajapatikana. Anaziba shimo kwa udongo wa shimo jingine, na siku mteja wa nne akichelewa, wewe ndiye unayebaki na shimo wazi. Atakupa sababu za kila aina: msiba, mtoto kalazwa Bugando, pikipiki imekamatwa. Waliokuwa wakitokea Sengerema walikuwa na foleni ya pantoni ya Busisi kama sababu ya kudumu. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, hiyo imekufa. Wa Ukerewe bado wana meli.

Hata hivyo, aliye Dar es Salaam akikarabati nyumba ya wazazi Magu hawezi kila siku kuwa dukani. Kwake njia hii inaweza kumfaa kwa sharti moja: hela igawanywe vipande vidogo, na kipande cha pili kisitoke mpaka apate picha ya vifaa vikiwa ndani ya uzio wa nyumba, pamoja na risiti. Awepo pia ndugu wa kwenda kuhakikisha kwa macho, maana picha ya mifuko kumi ya saruji inaweza kupigwa kwa jirani.

Vifaa ununue wewe, fundi umlipe ufundi tu

Hapa ndipo nilipohamia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu husifia njia hii bila kutaja inapouma.

Faida yake inajulikana. Fundi akiingia mitini, vifaa viko stoo kwako na utamwita mwingine aendelee. Hasara yako inaishia kwenye ufundi uliotangulia. Kwa kazi ya bafu niliyofanya mwaka jana tulikubaliana ufundi 600,000. Nilitoa 100,000 siku alipoleta vyombo na kuanza kubomoa, 200,000 vigae vya ukutani vilipoisha, 200,000 sakafu ilipoisha na grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya vigae, kuwekwa, na 100,000 baada ya kuoga wiki nzima bila maji kutokea chumba cha pili. Wakati wowote angeondoka, kazi iliyosimama ukutani ilikuwa inalingana na hela niliyotoa, au kuizidi kidogo.

Sasa maumivu. La kwanza ni hesabu. Fundi anayekuandikia orodha ya vifaa anaweza kuzidisha, kwa hofu ya kupungukiwa au kwa tamaa ya kuondoka na masalia, nawe usiyejua huna la kusema. Vigae ndivyo vyepesi kuhesabu, kwa hiyo anza navyo. Boksi la vigae vya sentimita 60 kwa 60 lenye vigae vinne hufunika mita za mraba 1.44. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, unapata 22. Gawanya kwa 1.44, unahitaji maboksi 16. Akikuandikia 22, muulize sita ni ya nani. Na ununue yote kwa siku moja, namba ya rangi iliyochapwa kwenye maboksi iwe moja, kwani shehena tofauti hutofautiana kivuli na utaliona hilo vigae vikishakauka ukutani.

La pili ni kununua kitu kisicho sahihi kwa hela yako mwenyewe, ukakosa wa kumlaumu. Nimeona mtu akichukua bati geji 30 akiamini ni nene kuliko geji 28 kwa sababu namba ni kubwa. Ni kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Kwenye nyaya, za taa kwa kawaida ni milimita za mraba 1.5 na za soketi 2.5. Duka likikosa 2.5, muuzaji atakuambia "hii nayo inafaa tu". Haifai. Saruji usijaze stoo: nunua ya wiki moja au mbili, ipange juu ya mbao mbali na ukuta, maana mfuko ulioshika unyevu huganda, na hapo fundi ana haki ya kukataa kuutumia.

La tatu ni cha juu. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi humrudishia fundi kidogo anapoleta mteja. Kuna wanaopigana na jambo hili mpaka wanagombana na fundi kabla kazi haijaanza. Mimi nilijaribu kwenda peke yangu, nikauziwa mabomba ambayo fundi aliyakataa, nikarudi na bajaji ileile. Siku hizi naomba bei maduka mawili kabla ya kwenda naye. Kama tofauti ni elfu chache kwa kila kifaa, namwachia ale. Anajua kuchagua kuliko mimi, na kazi hiyo nayo ina malipo.

La nne ni la Mwanza hasa, nalo ni mlima. Ukiwa Buhongwa, kwenye tambarare, lori linamwaga mchanga mlangoni. Ukiwa kule juu Mabatini, Igogo au mgongo wa Isamilo, gari linaishia barabarani, na kila ndoo ya mchanga, kila tofali na kila mfuko unapanda kwa kichwa kati ya mawe. Hiyo hela ya kupandisha haimo kwenye bei ya duka wala kwenye ufundi. Usipoitaja mapema, siku lori linamwaga ndiyo siku fundi anakuambia vijana wanataka malipo yao, na mchanga uko njiani unazuia watu. Iandikwe tangu mwanzo nani anailipa, na kwa safari au kwa jumla.

Kwa siku

Fundi analipwa kwa siku, na saidia fundi vilevile, kila jioni au kila Jumamosi. Advansi hapa karibu haipo, ndiyo raha yake: unadaiwa siku moja au sita, basi.

Inafaa kazi ambayo hakuna anayejua ndani yake mna nini. Nyumba ya zamani ambayo ukigonga lipu linadondoka lote, bomba linalovuja mahali pasipoonekana, kubomoa. Ukimlazimisha fundi atoe bei ya jumla kwa kazi kama hiyo, atataja kubwa ili ajilinde, au ndogo ili aipate kazi, kisha akuombe nyongeza katikati. Kwa siku hakuna ubishi huo. Ila lazima uwepo. Usipokuwepo, kazi ya siku tatu inafika siku nane, chai inanywewa saa nne hadi saa sita, na kila jioni unalipa.

Kuchimba shimo la choo nalitoa kwenye kundi hili, ingawa wengi huliweka humo. Huu ni mji wa mawe. Unaweza kuchimba futi tano za udongo laini, ya sita ukagonga mwamba ambao sururu inaruka juu yake. Hapo mwamba unachomwa moto, unapigwa nyundo, unachomwa tena. Anayelipwa kwa siku atakaa hapo hadi Krismasi. Anayelipwa kwa jumla atatoroka usiku, na advansi yako mfukoni. Lipa kwa futi, bei mbili: ya udongo na ya mwamba, zote zikiandikwa kabla jembe halijagusa ardhi, na upime wewe kwa kamba kabla ya kutoa hela.

Karakana: madirisha, mageti, makabati, milango

Hapa advansi haikwepeki, na tukubali kwamba hofu ya mwenye karakana ni ya kweli. Geti lililopimwa kwa ajili ya nguzo zako halimfai mtu mwingine. Ukibadili mawazo, limebaki chuma chakavu kwake. Anapotaka asilimia 60 au 70, si lazima awe tapeli.

Njia mbili zinapunguza hatari. Moja ni kwenda naye kwenye duka la malighafi, ukalipa wewe moja kwa moja kwa lipa namba ya duka, risiti ikatoka kwa jina lako, halafu karakana ukaidai ufundi peke yake. Mafundi wa mageti hukubali hili kwa urahisi kuliko wa aluminiamu, ambao hununua mabomba yao marefu na kukatia kazi za wateja kadhaa. Kwa wa aluminiamu tumia ya pili: gawanya oda. Lipia madirisha mawili, yaje, yafungwe, uyafungue na kuyafunga, ndipo ulipie mawili mengine. Atanuna, atakuambia nauli inaongezeka. Lipa hiyo nauli. Ni rahisi kuliko miezi minne ya turubai.

Na asipime kabla ya lipu. Hilo ndilo lililoniponza kwa madirisha mawili: alipima matundu yakiwa tofali tupu, lipu likala pande zote, nafasi ikabana. Fundi alisema kosa ni la fundi lipu, fundi lipu akasema kosa ni la aliyepima, na kwa kuwa vipimo vilikuwa vimeandikwa kiganjani na mkono ulikwishanawa, nililipia marekebisho mimi.

Njia ya tano ni mkandarasi aliyesajiliwa na CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yenye madaraja saba kwa majengo. Kwa ghorofa au nyumba nzima, mtafute, na usajili wake uuhakiki kwenye Bodi yenyewe. Kwa bafu moja hatakuja, na akija bei yake itakurudisha kwa fundi wa mtaani.

Kwa haraka, zikiwekwa bega kwa bega:

| Njia | Akitoweka unabaki na nini | Usumbufu wako |
|---|---|---|
| Nusu kwa nusu | Ahadi na namba ya simu | Mdogo mpaka siku inapoharibika |
| Vifaa wewe, ufundi kwa hatua | Vifaa vyote na kazi iliyofikiwa | Mkubwa wiki ya kwanza: hesabu, duka, kupandisha |
| Kwa siku | Kazi ya jana | Kila siku, lazima uwepo |
| Karakana, oda nzima | Risiti, kama ulidai | Mdogo, ila kusubiri |
| Karakana, oda kwa mafungu | Vilivyokwisha kufungwa | Safari nyingi na nauli za ziada |

Kama una kazi ya ajira na nyumba iko ndani ya jiji, mimi ningekuelekeza mstari wa pili bila kusita, hata kwa kuomba ruhusa ya siku mbili kazini. Kama kazi haina sura, mstari wa tatu.

Taslimu, simu, au duka

Taslimu mkononi ni tamu kwa fundi na ni sumu kwako, isipokuwa asaini. Hela ya simu inaacha ujumbe wenye jina, kiasi, tarehe na saa. Usiufute, na upige picha ya skrini, maana simu huibiwa. Angalia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Akikuambia "tuma kwa namba ya shemeji, yangu ina deni", kataa kwa upole. Siku ya ubishi utakuwa ulimtumia hela mtu asiyehusika na kazi yako. Kulipa duka moja kwa moja ni bora kuliko yote kwa vifaa, na udai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi.

Karatasi nayo si jambo la kumwaibisha mtu. Kisheria makubaliano ya mdomo ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai. Shida ni kuyathibitisha. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: kazi gani na vipimo vyake, nani ananunua nini, kiasi kwa kila hatua, siku ya kuanza na kumaliza, hela ya kupandisha, masalia ni ya nani, namba ya kitambulisho cha taifa cha fundi, sahihi zenu na shahidi mmoja kila upande. Fundi mzuri hakasiriki ukimwandikisha. Mmoja aliniambia, "Mama, heri hivi, maana na nyinyi wateja mnatukimbia." Ni kweli, tunawakimbia.

Kwa fundi umeme kuna jambo la ziada. Hakikisha ana leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, au anafanya kazi chini ya mwenye leseni, kwa sababu maombi ya kuunganishiwa umeme TANESCO yanahitaji mchoro na muhuri wa mwenye leseni. Wapo wanaofunga nyaya vizuri, wanapokea hela yote, kisha wanaanza kukutafutia mtu wa kugonga muhuri, naye anataka hela yake. Fungu la mwisho la fundi umeme lisitoke kabla ya karatasi yenye muhuri kufika mkononi.

Akiingia mitini

Nenda kwake kabla ya kwenda kokote, asubuhi na mapema, na mtu mzima mwenzako. Nusu ya kesi hizi huishia hapo kwa fundi kuona haya. Akikwepa, peleka daftari na ujumbe wa simu kwa mwenyekiti wa mtaa anakoishi yeye. Wito wa mwenyekiti una uzito mbele ya majirani. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mwanzo kwa madai. Polisi watakuambia kwanza kwamba hili ni deni, na mara nyingi wako sahihi. Linageuka jinai pale inapoonekana alikudanganya tangu mwanzo ili apate hela, kwa mfano kukuonyesha karakana isiyo yake.

Kushikilia mashine yake ya kuchomelea au ya kukatia vigae sikushauri, ingawa mtaani hufanyika sana. Asipokuwa na chombo hatafanya kazi, asipofanya kazi hatakulipa, na anaweza kuibuka akidai mashine ilikuwa nzima ulipoichukua.

Kilichobaki ni fungu la mwisho, ambalo watu hulitoa mapema kwa furaha ya kuona kazi imekwisha. Zuia asilimia 10 hadi 20, na mkubaliane tangu mwanzo litatoka kwa jaribio gani. Kwa bomba, jaribio ni maji yakiwa na nguvu; mtaa wenu ukipata maji usiku, basi lijaribiwe usiku, maana bomba tupu la saa nane mchana halivuji. Kwa paa, jaribio ni mvua.

Agosti mwaka jana nilibadilisha bati za jikoni, nikabakiza 80,000, na fundi akakubali huku akicheka kwamba nitamsubirisha hadi wajukuu. Vuli ilipokaribia alianza kunipigia yeye, karibu kila asubuhi: "Mwangaluka mama, huko Buswelu mvua imeshanyesha?"